Harisa ya Baghdad na Boko Boko la Nyumbani: Namna ya Kuzitafuta na Kuzipima Video za Mapishi ya Kale

Katika nyumba zetu nyingi za Maskati, Dubai, London na kwengineko, kijana akitaka kujua boko boko linapikwaje hamwulizi tena bibi yake. Anafungua simu, anaandika neno moja, na mara anamwona mtu asiyemjua, katika jiko asilolijua, akimweleza kuwa chakula hiki kina umri wa miaka elfu. Hatumlaumu kijana. Video hizo zimewafanya wengi waliokuwa wakilikataa boko boko utotoni walitamani ukubwani. Lakini tumeshuhudia pia jambo jengine: mjukuu anamwambia bibi yake kwamba anakosea kupika, kwa kuwa "asili yake" haikuwa hivyo, na bibi wa watu ananyamaza. Hapo ndipo tulipoona kuna haja ya kueleza video hizi zinatoka wapi, zipi za kuaminiwa, na ni katika jambo gani bibi ndiye shahidi bora kuliko video.

Upikaji wa vyakula vya zamani mbele ya kamera umekuwa fani yenye wenyewe. Wako Wamarekani wa Townsends wanaopika kwa moto wa kuni vyakula vya karne ya 18. Wako English Heritage, ambao katika jumba la Audley End, kusini-mashariki ya Uingereza, wamemrudisha jikoni Bi Avis Crocombe, mpishi aliyefanya kazi humo katika miaka ya 1880, akiigizwa na mwanamke wa leo. Mapishi mengi yanayoonyeshwa hapo yametoka katika daftari aliloliandika Bi Avis kwa mkono wake. Na yuko Max Miller, aliyeanza mwaka 2020 kipindi chake cha Tasting History, ambaye amefika hadi kupika mchuzi wa kondoo wa Babiloni kutoka katika vigae vya udongo vilivyohifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale. Hao wote hawapiki vyakula vyetu, lakini tunawataja kwa sababu wana tabia moja nzuri. Kabla ya kuwasha moto wanakuambia maandishi wameyatoa wapi, wanakusomea yaliyomo, na wakibadilisha kitu wanasema wamekibadilisha. Mpishi wa video akikosa tabia hiyo, neno "kale" katika kichwa cha video yake ni pambo tu.

Sasa tuje kwetu. Msomaji anayetaka chakula cha Waarabu wa zamani ana bahati ambayo watu wa mataifa mengi hawana, kwani Waarabu waliandika vitabu vya mapishi mapema sana. Ibn Sayyar al-Warraq alikusanya chake Baghdad katika karne ya 10, chenye mapishi zaidi ya 600, na Nawal Nasrallah, mwanamke wa Kiiraki anayeishi Marekani, alikifasiri kwa Kiingereza mwaka 2007. Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi aliandika Kitab al-Tabikh mwaka 623 Hijria, yaani 1226, miaka 32 kabla ya Wamongoli kuuvunja mji wake. Kitabu hicho kilichapishwa Mosul mwaka 1934 na Daud Chelebi, kikafasiriwa na A. J. Arberry mwaka 1939, kisha Charles Perry akarudi kwenye hati yenyewe ya mkono iliyoko Istanbul na kutoa tafsiri mpya mwaka 2005. Perry huyo huyo alitoa mwaka 2017 kitabu cha mapishi cha Sham cha karne ya 13, Kiarabu ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Kwa familia ambayo babu anasoma Kiarabu na mjukuu anasoma Kiingereza, sisi hatujui kitabu cha jikoni kinachofaa zaidi kukaa mezani.

Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza ni kuanzia kwenye kitabu ndipo uende kwenye video, wala si kinyume chake. Andika jina la mwandishi wa kale pamoja na jina la chakula. Ukiandika "chakula cha Kiarabu cha kale" utaletewa kila mwenye sinia la shaba na muziki wa oud. Ukiandika "al-Baghdadi" na "harisa" utaletewa wachache, na wachache hao aghalabu wamekifungua kitabu.

Harisa yenyewe inataka uangalifu wa peke yake, maana jina limetawanyika. Asili ya neno ni kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuponda. Katika al-Warraq na al-Baghdadi, harisa ni ngano iliyokobolewa ikapikwa na nyama mpaka vikawa kitu kimoja. Omani na nchi za Ghuba leo wanaiita haris, na Unguja na Mombasa ndilo boko boko. Lakini andika هريسة katika simu yako uone. Tunisia watakuletea pilipili iliyosagwa na mafuta. Sham watakuletea kitamu cha semolina kilichomiminiwa shira. Waarmenia watakuletea ngano na kuku, na hao ni jamaa zetu kweli katika chakula hiki. Ukiondoa herufi ya mwisho ukaandika هريس, pilipili ya Tunisia inatoweka na unabaki na vyungu vya Ghuba. Andika haleem, utapelekwa Bara Hindi, na ukiendelea kufuata utafika Barkas, mtaa wa Hyderabad uliokaliwa na askari wa Kihadhrami wa Nizam, ambako haris ingali inauzwa kwa jina lake la Kiarabu pembeni ya haleem yenye viungo vingi. Mwenye asili ya Hadhramaut anayesoma haya pengine ana jamaa kote kuwili.

Kuna filamu moja tunayowasihi wasomaji waitazame kabla ya nyengine zote. Mwaka 2023 UNESCO iliingiza haris katika orodha ya urithi usioshikika, kwa ombi la pamoja la Imarati, Omani na Saudi Arabia, na kila urithi unaoingizwa huwekewa filamu fupi katika mtandao wa shirika hilo. Haina mbwembwe. Inafaa kwa kuwa inaonyesha watu wenyewe wanaopika, si mtu aliyejifunza jana. Boko boko la mwambao wetu halimo katika ombi lile. Tunalisema hilo kama jambo la kujua, na pengine la kufanyiwa kazi, si la kugombea.

Tuitazame sasa harisa ya al-Baghdadi kwa jicho la mtu aliyelelewa na boko boko. Nyama ya mafuta inachemshwa mpaka ikaribie kuiva, inatolewa mifupa, inarudishwa chunguni pamoja na ngano safi iliyokobolewa. Moto unaendelea usiku. Inapigwa, inaachwa, inapigwa tena. Ikipakuliwa inamiminiwa mafuta ya mkia wa kondoo yaliyoyeyushwa, inanyunyiziwa bizari nyembamba na mdalasini uliosagwa, na inaliwa na maji ya limau na murri, kiungo cha majimaji kilichotengenezwa kwa shayiri iliyochachushwa. Weka samli mahali pa mafuta ya mkia na vitunguu vya kukaanga juu yake, uondoe murri, na wengi wetu tutaitambua sahani ile bila ya kuambiwa jina.

Kinachopotea katika video ni saa. Mpishi wa mtandaoni ana dakika kumi na mbili. Anatia nyama na ngano katika jungu la mvuke, anakata picha, anarudi na mashine ya kusagia, na chakula kiko tayari. Ladha inaweza kuwa nzuri, hatubishi. Lakini boko boko lililosagwa kwa mashine ni uji wa nyama, na lililopigwa kwa mwiko linavutika. Nyuzi za nyama zinachambuka zikajifunga na ngano, na ukiinua mwiko linafuatana nao. Watu wa Imarati wana mti maalumu wa kupigia, wakiuita midhrab. Kwetu mwiko mkubwa ulitosha, pamoja na mikono ya watu wawili au watatu wanaopokezana, kwani mtu mmoja hachukui muda mrefu kabla ya bega kulalamika. Ukiona video ambayo hakuna anayechoka, jua umeonyeshwa chakula chengine.

Na hiyo murri tusiipite. Mapishi ya vitabu vile yanaitaja kila mahali, na kuna wapenzi wa mapishi ya kale wanaojaribu kuitengeneza nyumbani kwa kuuacha unga wa shayiri uote ukungu kwa wiki kadhaa. Perry aliwahi kuitengeneza akaona ladha yake imekaribia sosi ya soya. Basi tumia sosi ya soya. Ukungu una aina nyingi, nyengine zina sumu isiyoonekana wala kunusika, na historia haimlazimishi mtu kuumwa.

Kipimo cha haraka cha video yoyote inayodai ukale ni kutazama mboga na viungo. Nyanya, mbatata, mahindi, muhogo, karanga na pilipili za kuwasha zote asili yake ni Amerika, na hazikuvuka bahari kabla ya mwaka 1492. Pilau ya "zama za Abbasiya" yenye nyanya ni pilau ya zama zetu. Lakini kipimo hiki kina mtego upande wa pili. Wengine wakiona karafuu katika chakula cha Baghdad cha karne ya 13 hupiga kelele kuwa ni uongo, kwa vile karafuu zilipandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Zilipandwa Unguja wakati huo, ni kweli. Ila kabla ya hapo zilikuwa zikitoka visiwa vya Maluku na kuuzwa masoko ya Waarabu kwa karne nyingi. Si kila kiungo kilichofika kwetu kwa kuchelewa kilichelewa kufika kwa wengine.

Mfano bora wa jinsi kosa linavyozaliwa uko katika safari ya Ibn Battuta. Alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa vizuri na akakieleza chakula kwa makini ya mtu aliyeshiba. Wali uliopikwa kwa samli katika sahani kubwa ya mbao, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Maziwa ya mgando, na pamoja nayo malimau ya kutiwa chumvi, tangawizi mbichi, maembe, na mashada ya filfil yaliyotiwa siki na chumvi. Neno ni filfil. Baadhi ya tafsiri za Kiingereza zimeliandika kwa jina la pilipili za kuwasha, na mpishi wa video anayeifuata tafsiri ananunua pilipili nyekundu, anazitia siki, na kutuonyesha "achari ya mwaka 1331". Pilipili hizo zilikuwa bado ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Aliyoyaona Ibn Battuta ni mashada mabichi ya pilipili manga, ambayo hukua kwa vishada kama zabibu ndogo, na mpaka leo India yanatiwa chumvi na kuliwa hivyo. Msomaji wa Kiswahili analo jibu mdomoni mwake kabla ya kufungua kamusi: pilipili yetu ni filfil hiyo hiyo, na tukaiongezea "manga" tulipohitaji kuitenga na ile mpya iliyokuja baadaye.

Ndizi mbichi kwa maziwa, kwa upande mwengine, hakuna aliyetuletea video yake tukaridhika nayo. Ibn Battuta hakusema kama ni maziwa ya ng'ombe au ya ngamia, wala kama kilitiwa chumvi au kitamu. Maelezo ya msafiri si mapishi. Anayeijaza nafasi hiyo kwa tui la nazi na iliki anatupikia kumbukumbu zake mwenyewe, jambo ambalo halina ubaya akilisema.

Vipimo navyo vinawaangusha wengi. Vitabu vya Kiarabu vinapima kwa ratili, na ratili haikuwa moja. Ya Baghdad ilikuwa kiasi cha gramu 400, ya Damascus ilikuwa zaidi ya mara nne ya hiyo. Mpishi anayechukua hesabu ya mji mmoja akaitia katika mapishi ya mji mwengine anapata chungu cha harusi au kikombe cha mtoto. Wazee wetu wanayaelewa haya bila ya kufundishwa, kwani wamekulia katika pishi na kibaba, vibaba vinne pishi moja, na wanajua kuwa kibaba cha kuchota na kibaba cha kufurika ni vitu viwili.

Kuna video za aina ya tatu, nazo zinatuhusu kuliko zote: "chakula cha kasri la Sultani wa Zanzibar". Zikitaja chanzo, humtaja Sayyida Salme, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, ambaye kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Kitabu kile ni hazina. Kinaeleza maisha ya Bet il Mtoni na Bet il Sahel, desturi za kula, na shughuli kubwa ya jikoni. Lakini Sayyida Salme alikuwa binti wa mwenye nyumba, wala hakuwa mpishi. Anaandika yaliyofika mbele yake, na alikuwa akiandika Ujerumani, miaka ishirini baada ya kuondoka Unguja. Waliojua chumvi inatiwa lini na moto unapunguzwa lini walikuwa wapishi, na wengi wao katika majumba makubwa ya zama zile walikuwa watumwa, mpaka hali hiyo ilipoondolewa kisheria Unguja mwaka 1897. Majina yao hayamo katika vitabu. Baadhi ya familia zetu hawapendi jambo hili litajwe katika mazungumzo ya chakula. Sisi tunaona haliwezi kuachwa, kwa sababu swali la "mapishi haya ni ya nani" haliishi kwenye jina la mwenye sinia. Mikono iliyoipiga harisa ya Kiarabu ikawa boko boko la Kiswahili ilikuwa ya watu kutoka pande nyingi za bara na mwambao, na sahani inayolika leo Maskati ina sehemu yao. Video inayoonyesha mapazia, dhahabu na majani ya waridi, bila ya kumtaja aliyekuwa mbele ya moto, imeacha nje sehemu kubwa ya hadithi, hata kama ngano yake ni sahihi.

Hapa ndipo tunarudi kwa yule bibi aliyenyamaza. Mambo ya Baghdad tunaweza kuyapima kwa kitabu. Mambo ya Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu hayakuandikwa kwa namna ile, na kitabu chake ni watu. Waliopika Unguja wakiwa watu wazima kabla ya 1964 sasa wamebaki wachache sana. Video iliyo na thamani kubwa zaidi kwa mwanahistoria wa kesho haijatengenezwa bado, na mwenye kuitengeneza ni wewe mwenye simu.

Ukiamua kumrekodi mzee, usimwambie apime kwa kijiko. Hajawahi kupima kwa kijiko, na ukimlazimisha utapata mapishi ya kijiko. Weka mizani ndogo pembeni. Yeye achote kwa kiganja, wewe upime kiganja chake kabla hakijaingia chunguni. Usikate picha wakati wa kupiga boko boko, hata likichukua saa. Iache kamera iwake, maana katika saa hiyo, mikono ikiwa kazini, ndipo maneno yanapotoka ambayo swali halingeyatoa. Mwache ayataje mambo kwa majina yake, wala usimsahihishe Kiswahili chake. Ikiwa anasema jina la chungu ambalo hulijui, mwombe alirudie, kisha kionyeshe chungu hicho kwa karibu.

Halafu muulize: alijifunza kwa nani, katika nyumba gani, na nani mwengine alikuwa jikoni. Boko boko lilipikwa lini, ni Idi, ni hitima, au ni futari ya Ramadhani. Waliokuwa wakilila kwa sukari ni kina nani na waliolikataa ni kina nani. Alipofika Maskati, au Muscat kama inavyoandikwa katika pasi yake, alibadilisha nini na kwa nini. Na ngano ilinunuliwa duka la nani, ilikuja kwa chombo gani, na nani aliyeitwanga.